Siku ya Kuchanja Mlima

Nakijwa alichuchumaa kwenye shamba la tangawizi la mama yake, upande wa Ikanza, akitazama kitu ambacho hakuwahi kukiona tangu aanze kazi ya kuupima mlima. Kigingi alichokichomeka mwenyewe wakati wa kiangazi kilikuwa kimejengewa kibanda.

Kibanda chenyewe kilikuwa cha kupendeza. Nguzo zake zilikuwa za matete yaliyochongwa ncha, na paa lilikuwa la magome ya mgomba yaliyopangwa kama magamba ya samaki, kila gome limemlalia jirani yake ili maji yasipate pa kupenya. Kukizunguka, mtu alikuwa amechimba kamfereji, akakasiliba kwa udongo wa mfinyanzi na kukapigapiga kwa kiganja mpaka kakang'aa. Maji ya mvua yalifuata kamfereji hako, yakateremka zake bondeni kwa adabu, bila kukigusa kigingi.

Aliingiza kidole chini ya paa. Udongo ulikuwa mkavu, wa kupulizwa ukaruka. Akasogea pembeni, akakichomeka kidole kile kile katikati ya matuta ya tangawizi. Kilizama chote bila kusukumwa, na alipokichomoa, tundu lilijaa maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Ndipo alipoinua macho. Kuanzia pale alipokuwa mpaka kwenye mgomba wa mwisho wa Ikanza, kila penye kigingi palikuwa na kibanda. Teremko zima lilionekana kama kijiji cha watu wadogo sana waliohamia bila kuaga.

Akachomoa mfukoni kifaa chake cha mkononi cha kazi.

Vigingi vile havikuwa vijiti vya kawaida. Kila kimoja kilikuwa kimeota mizizi myembamba kuliko unywele, iliyoshuka ardhini kiasi cha kiuno cha mtu mzima, na kazi ya mizizi hiyo ilikuwa kuonja. Ilionja unyevu, ikautuma juu mgongoni mwa mlima, kwenye mwamba mtupu penye shule, ambako palikuwa na mashine iliyoitwa Mizani. Mizani ilichukua ladha ya vigingi vyote, ikaongeza uzito wa mawingu, ikakisia mambo yanayotendeka chini kabisa, mahali ambapo udongo umeukalia mwamba. Halafu ilisema ni upande gani wa mlima uliochoka kujishikilia.

Mashine ya namna hiyo isingehitajika enzi za mabibi. Lakini tangu vuli na masika ziache kupokezana zamu, wingu moja liliweza kukaa juu ya mlima mmoja kama kuku anayeatamia, likamwaga hapo hapo maji ya msimu mzima. Milima ilikuwa ikianguka na watu wake ndani. Basi ikaanza desturi ya kuichanja. Upande ulioelemewa kuliko mwenzake uliteremshwa kwa makusudi, mchana kweupe, wenyewe wakiwa wameshatoka, ili mlima uliobaki upumue.

Safari hii Mizani ilikuwa imesema Mtwani, upande wa pili. Watu wa Mtwani walikuwa wameshatoka. Chanjo ilikuwa leo, kabla ya mvua ya alasiri.

*

Mama yake, Naetwe, alikuwa jikoni akipepeta maharage ya makande, sufuria ya mahindi ikichemka taratibu mafigani.

"Umeviona?" aliuliza kabla binti hajaketi. "Hicho cha shambani kwangu nilikisuka mimi mwenyewe. Cha jirani Namsifu kimekaa upande kama kofia ya mlevi. Nilimwambia, hakusikia."

"Mama, nani aliwaambia mfanye hivi?"

"Wewe."

Nakijwa akamtazama.

"Si ulisimama pale ghalani ukatuhutubia? Ukasema vitunzwe, ng'ombe wasivikanyage, watoto wasivichezee. Ukasema vikilowa sana vinalia, na vikilia watu tunahamishwa. Ukaenda zako bondeni kwenye mafunzo, mvua nayo ikaanza. Tukakaa, tukasema, kitu kinacholizwa na kulowa, dawa yake si kukizuia kisilowe? Tukapiga pembe."

Pembe hiyo ilikuwa ya msaragambo, kazi ya wote. Ikilia Ikanza, hakuna nyumba inayobaki na mtu mwenye mikono yake miwili, uwe ni mfereji uliobomoka au njia ya kwenda zahanati.

"Hata yule mvivu wa kwa Mrutu alibeba matete," Naetwe aliendelea, akicheka. "Akakaa chini mara tatu njiani, lakini alibeba."

"Mama." Nakijwa alishusha sauti. "Vigingi havileti maji. Vinayasema tu. Mmeviziba midomo."

Ungo ukasimama. Naetwe hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili. Alitazama sakafu ya jiko lake, ile sakafu aliyoisiliba kila Jumamosi tangu aletwe pale akiwa bibi harusi, kama anayetaka kuona kilichokuwa chini yake.

"Kwa hiyo huku kwetu…"

"Kumejaa. Kumejaa kuliko Mtwani."

Mama aliuweka ungo kando. Akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Nani anajua?"

"Mimi na wewe."

"Na wakishauchanja huko Mtwani, sisi tunakuwaje?"

Nakijwa alikuwa ameshaiuliza Mizani kwa kile kifaa chake cha mkononi, akiwa bado amechuchumaa shambani, akiipa unyevu wa kweli badala ya ule wa vibandani. Alieleza kama alivyoweza. Chini kabisa, maji ya pande zote mbili yalikuwa yameungana, kama mafuta kati ya sahani mbili. Mtwani ikishuka, itaondoka na sehemu ya maji ya Ikanza. "Tunaweza kupona. Tunaweza tusipone. Nusu kwa nusu."

"Na ukisema?"

"Basi tunashuka sisi. Mtwani inabaki."

Kuni zililia. Nyuma ya jiko, ndani ya uzio wa masale, mimea ya kuzungushia makaburi, alikuwa amelala baba yake Nakijwa, na pembeni yake dada yake aliyefariki akiwa bado ananyonya. Juu kidogo ilikuwa nyumba ya kaka yake, bati jipya, rangi haijakauka vizuri. Tangawizi ya shamba lile ndiyo iliyomsomesha Nakijwa mpaka akawa mpimaji.

"Sikiliza mwanangu," mama alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, ile ya kumbembeleza mtoto anywe dawa. "Watu tunawatoa. Tunawaambia mvua hii ni kubwa, twendeni tukalale shuleni siku chache. Hakuna atakayekufa. Mtwani nako kule hakuna mtu. Wale wameshatoka, wameshalia, machozi yao yameshakauka. Sisi hata hatujaanza. Sasa kilio kirudiwe cha nini?"

Nakijwa aliona kwamba hesabu ya mama haikuwa na kosa. Hakuna ambaye angekufa, na hakuna ambaye angejua. Mvua ikimalizika salama, vibanda vingeng'olewa kimyakimya, na maisha yangeendelea, kwao.

"Nimekusikia, mama," alisema, akainuka.

"Kula kwanza."

"Nitarudi kula."

Mama alimtazama mpaka akapotea kwenye migomba. Hakumwita tena.

*

Uwanja wa shule ulijaa milango. Watu wa milima ile wakihama nyumba bila kutaraji kurudi huiacha na kila kitu isipokuwa mlango. Kwa hiyo milango ya Mtwani ilikuwa imeegemezwa kwenye kuta za madarasa, mingine ya mbao za mvule, mingine ya bati, mmoja una alama za chaki za kupimia urefu wa watoto. Mzee Kiondo, seremala, aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yake Nakijwa, alikuwa ameusimamisha wake wima kati ya madawati mawili, na yeye ameketi nyuma yake.

"Hodi," Nakijwa alisema, kwa kuwa ilimbidi kusema kitu.

"Karibu. Sukuma, haujafungwa," Kiondo alijibu. Mkewe, aliyekuwa akimenya ndizi, alimwambia aache upuuzi, lakini naye alitabasamu kidogo.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba. Umelowa, binti. Hata mlima nao unakupima siku hizi?" Akamsogezea kigoda. "Huyu hapa alikutukana ile siku ya kuambiwa tutoke. Unakumbuka? Alikutukana mpaka nikaona haya."

"Nilimtukana kwa sababu nilikuwa natoka kupanda viazi," mkewe alisema, bila kuinua macho.

"Nikamwambia, mwache mtoto wa watu. Mlima ndio uliosema, yeye kausikiliza tu." Kiondo alipitisha kidole kwenye komeo la mlango wake, komeo alilolichonga mwenyewe, lenye umbo la jogoo. "Unajua, hilo ndilo linalonisaidia kulala. Angekuwa mtu ndiye aliyekaa akachagua, akasema hawa waende, wale wabaki, ningemchukia mpaka naingia kaburini. Lakini mlima? Mlima utauchukia vipi? Utaupiga?"

Akacheka peke yake. Nakijwa alikuwa ameshika ukingo wa kigoda kwa mikono yote miwili.

"Utakunywa uji?" mke wa Kiondo aliuliza. "Umepauka."

Kabla hajajibu, Injinia Lusajo alijitokeza kwenye mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, palipowekwa Mizani. Alikuwa mtu wa Rungwe, kwenye milima kama huku, na alikuwa hajanyoa tangu afike. "Dada Nakijwa, wingu linakuja mapema. Nahitaji kidole chako."

*

Sheria ya chanjo ilikuwa moja: mashine hupendekeza, injinia hutekeleza, lakini mpimaji wa mahali ndiye anayethibitisha kwamba vigingi vimesema kweli. Kidole chake kwenye kioo, na nyungunyungu wangeamshwa.

Nyungunyungu wenyewe walikuwa wa chuma, wanene kama vidole gumba, kapu zima, na walikuwa wamelala ndani ya udongo wa Mtwani wakingoja. Wakiamshwa walitafuna mstari mmoja, mahali palepale udongo ulipoukalia mwamba, na walifanya hivyo polepole ili mlima usianguke bali uteremke. Wakishaanza hawarudishwi. Kabla ya kuanza, hata hivyo, waliweza kuitwa waende kwingine, mradi muda upo.

"Kuna la kubadilisha?" Lusajo aliuliza. Aliuliza kwa sababu sheria ilimtaka aulize. Alikuwa ameshageuka kutafuta koti lake.

Dirishani ilionekana migongo ya watu wa Mtwani, wote wametazama upande wa makwao, ili wapaone mara ya mwisho.

"Lipo," Nakijwa alisema. "Vigingi vya Ikanza vimejengewa mapaa."

Injinia alisimama, mkono mmoja kwenye koti. "Vyote?"

"Vyote."

"Walitaka kutudanganya?"

"Hapana. Walitaka visilie." Akakiweka kifaa chake mezani. "Ninao unyevu wa kweli. Naomba nafasi niuingize."

Lusajo alikaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu. Alikuwa na macho ya mtu aliyewahi kutoa watu makwao mara nyingi kuliko alivyopenda kukumbuka.

"Ikanza si kwenu?"

"Ndiyo kwetu."

"Dada, nikuambie kitu ambacho hakimo kwenye sheria. Watu hawaichukii Mizani. Nimezunguka sana, sijawahi kuona mtu anairushia jiwe. Ukitoka nje ukaligeuza jambo hili, wewe ndiye utakayekuwa umewateremsha. Mpaka unazeeka."

"Hatuwezi kuahirisha?"

"Wingu haliahirishi."

Nakijwa aliuingiza unyevu wa kweli, kigingi kwa kigingi. Cha mwisho kilikuwa cha shamba la mama. Taa ya Mizani ikapepesa, halafu mashine ikasema neno moja kwa ile sauti yake tulivu, ya mtu anayekutajia njia: "Ikanza."

Akaweka kidole kwenye kioo. Kilikuwa bado na tope.

*

Pembe ya msaragambo ilipolia, watu wa Ikanza walipanda mpaka shuleni na majembe yao mabegani, wakidhani njia imebomoka. Nakijwa alisimama kwenye ngazi ya darasa akawaambia, bila kupamba na bila kuzunguka.

Upande wa pili wa uwanja, mwanamke mmoja wa Mtwani alipiga kigelegele, akakikatisha katikati na kujiziba mdomo kwa khanga.

"Kwa hiyo ni sisi," Namsifu alisema. "Vile vibanda."

"Hamkujua."

"Wewe ulijua lini?" Aliyeuliza ni kaka yake Nakijwa. Aliuliza kama anayemuuliza mgeni.

"Asubuhi. Nilipofika shambani."

"Ukaenda kwa mama."

"Nilikwenda."

"Na mama akasemaje?"

Watu wote wakamgeukia Naetwe. Alikuwa amesimama na mwiko wa makande mkononi, alitoka jikoni bila kuuweka chini. Angeweza kusema hakuambiwa chochote, na Nakijwa asingembishia.

"Nilimwambia anyamaze," mama alisema. "Nikamwambia waacheni Mtwani waende, wameshalia. Kiondo, nilisema hivyo, na wewe upo hapo unanisikia. Huyu hakunisikiliza." Akameza mate. "Sasa tukatoe vitu. Maneno yatatukuta huku huku."

Hakuna aliyewaomba watu wa Mtwani, lakini walishuka nao. Ilikuwa kazi ya haraka na ya kimya. Kiondo mwenyewe aling'oa mlango wa Naetwe, bisibisi mdomoni, na alipokutana na Naetwe uchochoroni alimpisha apite kwanza na sufuria yake. Milango ya Ikanza ikapanda mgongoni mwa mlima, ile ya Mtwani ikisogezwa kando kuipisha. Mbuzi wakafuata. Makaburi yaliachwa. Hakukuwa na muda wa makaburi. Kaka yake Nakijwa alichomoa miche michache ya masale palipolala baba, akaifunga kwenye shati lake.

Halafu ikaamriwa kimya, na Lusajo, aliyekuwa ameshawaita nyungunyungu upande wa Ikanza, akawaamsha.

Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha miguu ilihisi mtetemo mdogo, kama jiwe la kusagia lililo nyumba ya jirani. Mpasuko ukachora mstari juu ya shamba la mwisho, mwembamba, ukapanuka, na Ikanza ikaanza kuteremka. Haikuporomoka. Ilikwenda kama uji mzito kwenye chungu kilichoinamishwa, na kila kitu juu yake kikasafiri kikiwa kimesimama: migomba, uzio wa masale, bati jipya la kaka likimeta mara ya mwisho, na vile vibanda vidogo, vimenyooka kwenye mistari yao, vikishuka pamoja bila kupoteza hata gome moja, mpaka bonde lilipoanza kuvikunja.

Harufu ndiyo iliyowaliza. Tangawizi yote ya Ikanza ilikuwa ikipondwa kwa mpigo, na harufu yake ilipanda kali, safi, ikajaa hewani mpaka macho yakachoma, na hakuna aliyeweza kusema ni nani anayelia kwa harufu na nani anayelia.

Mvua ikaja baada ya hapo. Ilinyesha juu ya mwamba mtupu pale Ikanza ilipokuwa, na Mtwani ikashika.

*

Walikaa matanga. Hapakuwa na jeneza wala jina la kutaja, lakini watu wa Ikanza walitandika mikeka kwenye uwanja wa shule na kuinamisha vichwa, na wenzao wa Mtwani, waliokwisha kurudisha milango yao, walipanda kuwahani kama inavyopasa, mmoja mmoja, mkono kwa mkono. "Poleni." "Tumeshapoa." Kiondo alizunguka mikeka yote. Kwa Naetwe alichukua muda mrefu kidogo kuliko kwa wengine, mikono yake miwili imeushika wa mama, na walichosema, kama walisema, hakikusikika.

Nakijwa alikuwa amesimama penye kona ya darasa. Alikuwa ametoka kuvipima vigingi vya Mtwani, vyote vizima, na hakujua aende wapi. Hakuna aliyemtukana. Watu walipita karibu yake wakishika njia yao, na pole zile zilimpita hivyo hivyo, zikaenda kwa wenyewe. Kaka yake alimwona, akageukia upande wa miche yake aliyoichomeka kwenye kopo. Namsifu alimpa nafasi apite, zaidi ya ilivyohitajika, kama mtu anavyompisha mgeni wa serikali.

Akageuka aondoke. Kibanda cha mpimaji kilikuwa hatua chache tu, na kilikuwa na mlango wa kufunga.

"We Nakijwa."

Mama hakuwa amegeuza hata shingo. Alikuwa ameketi miguu imenyooshwa mbele, khanga kiunoni, anatazama mvua nyepesi iliyokuwa ikipungua bondeni.

"Abee mama."

"Masufuria yote ya msiba yamekaa nyuma huko na masizi yake. Watu watakula nini? Au unangoja wageni ndio wayasugue?"

Namsifu, bila kuinuka mkekani, alichukua gunzi la mahindi lililokuwa pembeni yake na kulinyoosha nje ya mkeka, mpaka Nakijwa alipolipokea.

Nyuma ya darasa, masufuria yalikuwa yamelundikwa meusi, makubwa ya kuogea mtoto. Majivu yalikuwa yamelowa, na mchanga haukuwapo. Lakini pale mwamba ulipoishia, mlima ulikuwa umekatika, na ukingo wake ulikuwa udongo mbichi, mwekundu, uliojaa mizizi iliyokatika. Nakijwa akapiga magoti. Akachota konzi moja ya Ikanza, akaimwaga ndani ya sufuria la kwanza, akakunja mikono ya gauni lake, na akaanza kusugua.